Mama Rehema Alinyonyesha Mara Ngapi?

Jumatano, Handeni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kibodi. Kila herufi ninayobonyeza inakwaruza. Nimefunga dirisha, joto limenishinda, nimelifungua tena. Tangu jana sijala cha maana.

Mama yangu anaolewa Ijumaa. Kuanzia juzi jioni mpaka leo alasiri ndoa hiyo ilikuwa inaning'inia, na aliyeining'iniza ni mimi.

Acha niandike tangu mwanzo, maana nikiruka hatua nitajipendelea.

Kwa ambaye hajawahi kupita hapa: kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilirudi Handeni baba alipofariki, miaka minne iliyopita, ili nikae na mama, ambaye ni fundi cherehani na hushona sare za shule. Ukoo wetu ni mkubwa na una kelele, na kila kwenye msiba huzuka ubishi wa nani ni nani kwa nani. Nikachoka. Nikaanza kuwaingiza wote kwenye kanzidata ya grafu. Jina lisikutishe. Ndani yake kila mtu ni nukta, na kila uhusiano ni mshale unaotoka nukta moja kwenda nyingine: mtoto wa, mke wa, na mengineyo. Ukishawaingiza, unauliza. Fulani na fulani wanahusianaje? Mashine inaifuata mishale yenyewe na kukuletea njia iliyo fupi kuliko zote.

Shida ni sisi wenyewe. Kwetu mama mdogo ni mama, na binamu ni kaka. Bibi mzaa mama huniita mke mwenzake, na kama ningeingiza kila anachosema ningekuwa nimeolewa na babu. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: naingiza uhusiano wa kweli tu, kwa ufupi, hadithi zibaki huko nje. Niliipenda sana sheria hiyo. Niliwahi hata kuisifia humu humu.

Mchumba wa mama ni Mzee Athumani, fundi baiskeli wa Mombo, aliyefiwa na mkewe. Walifahamiana mwaka jana, mama alipokwenda Mombo kwenye arusi. Amekulia Mashewa. Mwezi uliopita alinipa karatasi yenye majina ya watu wake, niwaingize nao, maana tunakuwa ukoo mmoja. Baba yake Juma, mama yake Mwajabu, wote marehemu. Dada yake Rehema, pembeni ya jina hilo aliandika, "alifariki mdogo, simkumbuki."

Niliingiza. Sikushtuka. Kina Rehema wako wengi.

Juzi jioni nilikuwa namalizia daftari la babu. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi wakati watu walipotolewa kwenye maboma yao ya porini na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, na aliandika kila nyumba kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea mbele ya serikali. Nikafika ukurasa wa mwisho. Nyumba ya saba: Juma, mkewe Mwajabu, watoto Rehema wa miaka minne na Athumani, ananyonya.

Nikausoma mstari huo tena.

Hapa lazima niseme habari ambayo kila mtoto wa kwetu ameisikia. Mwaka ule wa kuhamishwa, lori liliwashusha bibi na babu kwenye pori lililopigwa mistari kwa chokaa, ndiyo kijiji chenyewe. Nyumba hakuna. Hata wiki haijaisha, bibi akashikwa na homa mpaka akapoteza fahamu, akapakiwa kwenye lori lile lile na kupelekwa hospitali Korogwe. Mama yangu alikuwa na miezi minane. Akaachwa kwa mama wa jirani, aliyekuwa na kichanga chake, naye akamnyonyesha. Huyo mama wa jirani tulimjua kwa jina moja tu: Mama Rehema. Ndivyo tulivyo, mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina alilopewa na wazazi linabaki kwa wazazi. Baadaye Mama Rehema na watu wake walihama kijiji, na hakuna aliyejua walikokwenda.

Katika kanzidata nilikuwa nimemwekea nukta yake. Mama Rehema. Na kutoka kwa mama yangu nilikuwa nimechora mshale mmoja: ALINYONYESHWA NA.

Sasa nilikuwa na nukta mbili, Mama Rehema na Mwajabu. Nikaziunganisha zikawa moja. Kisha nikauliza: mama yangu na Mzee Athumani wanahusianaje? Mwezi uliopita nilipouliza kwa utani, jibu lilikuwa hakuna njia. Juzi njia ilikuja kabla sijaondoa kidole. Mishale miwili tu. Mama alinyonyeshwa na Mwajabu. Athumani ni mtoto wa Mwajabu.

Sisi ni Waislamu. Aliyekunyonyesha ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako wa kunyonya, hamuoani.

Mzee Athumani hakuwa baba yangu wa kambo. Alikuwa mjomba wangu.

Sasa lile ninaloona aibu kuliandika. Nilifurahi. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikasikia furaha inanipanda kifuani, nikatabasamu kabisa, peke yangu. Kwa sababu sikuwa nimeitaka ndoa hii tangu siku ya kwanza, na sikuwa na sababu hata moja ya kumpa mtu mzima. Yule mzee ni mpole. Hanywi, hapigi kelele, anamchekesha mama. Kosa lake ni baiskeli. Siku ya kwanza alipokuja kwetu aliiona baiskeli ya baba imeegemezwa nyuma ya nyumba, haijaguswa tangu msiba, akaipindua, akaziba pancha, akakaza mnyororo, akapandisha upepo magurudumu yote. Hakumwomba mtu ruhusa. Mama alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikatoa upepo wote.

Ndiyo, mimi. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba.

Kwa hiyo juzi furaha ilipopita, kilichokuja ni hofu. Aliyeziunganisha zile nukta mbili ni mimi. Je, niliziunganisha kwa sababu ni mtu mmoja, au kwa sababu nilitaka awe mtu mmoja? Nilikagua tena: jina, mume, watoto, kijiji. Vyote vililingana. Nilitamani kosa na sikulipata.

Jana asubuhi nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu, ndiye atakayefungisha ndoa. Nilimfungulia kompyuta nikamwonyesha ile njia. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake, kisha akaniuliza, "Mara ngapi?"

"Nini mara ngapi, shehe?"

"Alimnyonyesha mara ngapi, binti yangu? Sisi tunafuata mara tano, na kila mara mtoto ashibe, aliachie titi mwenyewe. Zikitimia tano, hao ni ndugu. Zisipotimia, si ndugu. Huu mshale wako unasema ngapi?"

Mshale wangu haukusema kitu. Ulikuwa mshale tu, kwa ufupi, bila hadithi, kama nilivyotaka mwenyewe.

Akaniambia nikamuulize aliyekuwepo. Na akaniambia mama ajue jana hiyo hiyo, asipewe habari hiyo siku ya kupakwa hina.

Nilimkuta mama kwenye cherehani, anashona gauni lake mwenyewe la Ijumaa, la rangi ya kahawia iliyoiva. Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakulia. Aliinua mguu wa cherehani, akaitoa nguo, akaikunja na pini zake ndani. Akakaa ameiweka mapajani.

"Kumbe ni kaka yangu," akasema.

Nikamwambia bado hatujui, shehe amesema kuna hesabu. Akatikisa kichwa. "Mpigie simu wewe. Mimi sitaweza."

Kwa hiyo mimi niliyetoa upepo kwenye baiskeli ndiye niliyempigia. Mzee Athumani alisikiliza mpaka mwisho. Upande wa pili nilisikia basi linapiga honi na wauza vyakula wanakimbilia madirishani. Akauliza jambo moja tu, kama mama amekula.

Leo saa tatu alikuwa mlangoni kwetu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye benchi la nje. Nikamkaribisha ndani. Akasema, "Nikiingia sasa hivi, nitaingia kama nani?" Mama alikuwa ndani, pazia katikati yao. Hawakusalimiana. Sijapata kuona watu wawili wakiogopana namna ile bila kugombana.

Tukaenda kwa bibi kwa bodaboda mbili, mimi na mama moja, yeye peke yake nyingine, nyuma kabisa kwenye vumbi letu. Bibi bado anakaa kile kile kijiji cha ujamaa. Nyumba bado zimesimama kwa mistari kama zilivyopimwa, ila siku hizi kuna bati na antena. Tulimkuta uani anapepeta kunde. Bibi ana macho yenye ukungu lakini masikio yake hayana tatizo. Alikuwa amemwona Athumani mara moja tu, siku ya kuleta posa, katika kundi la watu, na aliambiwa ni mtu wa Mashewa.

Nilimwambia, bibi, huyu ni mtoto wa Mama Rehema.

Ungo ukaanguka, kunde zikamwagika uani kote. "Mama Rehema yupi? Wa nyumba ya saba?" Akamwita asogee. Akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa taya na masikio kama anayechagua nazi. "Wewe ndiye uliyekuwa unamng'ata mama yako! Alikuwa anakupiga kofi la paja, unaachia, unacheka." Mzee Athumani hakujua aangalie wapi. Akauliza dada yake Rehema alizikwa wapi. Bibi akamwonyesha kwa mkono, kule mwisho wa mstari wa tatu. Baada ya kifo kile, bibi alisema, watu waliacha kumwita yule mama kwa jina la marehemu, wasimtoneshe. Akawa Mama Athumani. Mwaka uliofuata mumewe akamhamisha, bibi asijue kwamba ni Mashewa.

Ndipo mama akauliza. "Mama, alininyonyesha mara ngapi?"

"Mara nne," bibi akasema, papo hapo. "Mimi sikuwapo, nilikuwa sijitambui. Lakini niliporudi alinihesabia mwenyewe, kwa vidole. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, haya mambo aliyajua. Ya tano akakataa. Alisema, huyu wa kike, wangu wa kiume, nikimpa ya tano nitakuwa nimewafungia mlango, na kesho hatuijui. Akakubeba mgongoni jua kali mpaka kwenye boma la Wamasai, akaomba maziwa ya ng'ombe. Akakunywesha kwa kijiko siku zote mpaka nilipotoka hospitali. Kelele zako, alisema, pori zima halikulala."

Mtu wa kawaida hapo angeshukuru Mungu. Mimi nikafungua mdomo. "Bibi, una uhakika? Au unasema hivyo kwa sababu umeshampenda?"

Mama akasema, "Wewe!" Mzee Athumani akainama kuokota kunde.

Bibi hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema, "Mke mwenzangu, haya niliyasema. Ulinishikia lile lisimu lako hapa mdomoni. Kwa nini unaniuliza tena?"

Ni kweli. Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa naanza, nilimrekodi bibi kwa siku kadhaa. Faili zote ziko kwenye simu hii hii, hazina majina, zina namba tu. Nilikaa kizingitini nikaanza kuzisikiliza moja moja. Chaji ilikuwa inakwisha na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jogoo, bibi anakohoa, bibi anataja watani wake, mtu anakuja kuomba chumvi. Wote watatu walikuwa wananitazama. Mama alikuwa ameshika ncha ya kanga yake anaisokota. Niliwahi kuketi kwenye usaili wa kazi, niliwahi kusubiri majibu ya hospitali ya baba, lakini hii ya leo ilikuwa mbaya kwa namna yake, kwa sababu safari hii nilikuwa natamani kushindwa, ndoa iendelee, na sikuwa na uhakika kama natamani kweli.

Faili ya kumi na tisa.

Sauti ya bibi wa miaka miwili iliyopita: "...akamnyonyesha mara nne, ya tano akakataa, akasema nisije nikawafungia..." Kisha sauti yangu, kavu, yenye haraka, ya mtu anayejaza fomu: "Haya bibi, tuendelee. Baada ya hapo mkajengewa nyumba?"

Nilimkata. Neno lilikuwa nusu mdomoni mwake nikamkata, nikaenda kuchora mshale wangu mtupu.

Hakuna aliyecheka. Niliirudisha nikaisikia tena, nusu kwa ajili yao, nusu kwa kujiadhibu. Wakati ule mama na Mzee Athumani walikuwa hawajaonana hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo hakuna wa kusema bibi alitunga. Nilimpigia shehe kwa simu ya mama nikaiweka karibu na yangu. Akasikiliza. "Rudisha." Nikarudisha. Akauliza bibi mwenyewe maswali mawili matatu, bibi akamjibu kwa sauti kubwa kama yuko ng'ambo ya bonde. Kisha shehe akasema, "Hapo hakuna undugu. Ijumaa iko pale pale, inshallah. Na huyo mama aliyehesabu, msimsahau kwenye dua."

Bibi akapiga vigelegele peke yake mpaka jirani akachungulia. Mzee Athumani alitoka akaenda kusimama mwisho wa mstari wa tatu, muda mrefu, ametugeuzia mgongo. Alikuwa amepata mke na kaburi la dada yake kwa siku moja. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama mimi.

Jioni hii nimerekebisha. Ule mshale wa ALINYONYESHWA NA sasa una maandishi juu yake: mara nne, ya tano alikataa mwenyewe. Nimebandika na sauti ya bibi, pamoja na sehemu ninayomkata. Sijaifuta.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mtu wa maana. Lakini tuliporudi nyumbani na Mzee Athumani kwenda zake Mombo, mama alilikunjua gauni, akavaa miwani, akawa anatunga uzi. Bila kuniangalia akauliza, "Juzi ulipoiona hiyo njia yako kwenye kompyuta, ulifurahi?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Akashusha mguu wa cherehani. "Haya mwanangu," akasema, "tuendelee." Akaanza kukanyaga.

Sijui kama alifanya makusudi. Nadhani alifanya.

Cherehani bado inalia chumba cha pili wakati naandika. Kesho, kabla wanawake wa hina hawajafika, nitavuta kigoda nikae karibu naye nimwambie ndiyo, nilifurahi. Nitamwambia kwa nini, yote, na ya upepo wa baiskeli ya baba. Kisha ninyamaze, nimwache amalize kusema.